Mashahidi Milioni Tisa

Uchungu ulipomshika tena Malkia Nasemba, umati uliokuwa nje ya geti la ikulu uliguna pamoja naye. Ule mguno ulipanda ukuta, ukapita dirishani, ukajaa chumba cha uzazi. Kisha uchungu ukaachia, na huko nje watu wakacheka, wakapongezana, wakapiga makofi kama waliomaliza kubeba mzigo mzito.

Bi Nakiete, mkunga mkuu wa ikulu ya Kishenge, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kiganja chake kikiwa juu ya tumbo la malkia. Alikuwa amezalisha kwa miaka thelathini na minne. Alishawahi kutapikiwa, kung'atwa begani, kutukanwa matusi ya kila namna na wanawake ambao kesho yake walimletea zawadi, na hakuna kati ya hayo lililowahi kumchefua. Lakini ule mguno wa nje ulimchefua. Sauti nyingi zilikuwa za wanaume.

"Mama, wanacheka nini?" malkia akauliza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na tangu asubuhi midomo yake ilikuwa imekauka.

"Usiwasikilize, mwanangu. Pumua."

"Nikipumua nao wanapumua."

Bi Nakiete alitazama kifundo cha mkono wa kushoto wa malkia, pale ambapo mstari mwembamba wa kijani ulikuwa unawaka chini ya ngozi. Huo ndio uzi. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, na kila kitu ambacho mwili wa malkia ulikihisi ulikituma kwenye mtandao wa Mtima, nao Mtima ukakigawa kwa yeyote aliyeomba. Mtima haukubeba maneno wala picha. Ulibeba mwili. Karibu kila mtu mzima katika ufalme alikuwa na uzi wa kupokea. Wenye uzi wa kutoa walikuwa wachache, na wote walikuwa watu wa nyumba ya mfalme.

Uzi huu alikuwa ameupandikiza yeye mwenyewe, miaka miwili iliyopita, siku tatu kabla ya harusi. Msichana alikuwa anatetemeka, naye akamwambia, "Ni kama kuumwa na mbu tu." Wakati ule aliamini. Sasa, kila mstari ule ulipowaka, alitamani kugeuza uso.

Pembeni ya chumba, nyuma ya kioo, alikaa mhandisi Teri, mwanamke mwembamba mwenye miwani, mbele yake meza ya vitufe. Juu ya kioo kulikuwa na tarakimu za wapokezi, na chini yake maoni yao yakipanda bila kukoma.

"Nimehisi teke upande wa kulia, nani mwingine?"

"Leo jasho limezidi, mimi shati lote limelowa hahaha."

"Asukume basi, nina kikao."

"Huyu mtoto si chini ya kilo nne. Nyonga zangu zinaniambia."

Tarakimu zilisoma milioni nane, laki tisa na kumi na nne elfu.

"Bado kidogo tu," ilisema sauti ya Bwana Kighenda, katibu wa Baraza la Ufalme. Alikuwa amesimama nje ya pazia la mlango, kwa sababu mila ilikataza mwanamume kuvuka pazia lile. "Tunaisubiri milioni ya tisa. Malkia asikate tamaa, wananchi wako naye."

Katika kiti cha miguu mitatu, karibu na ukuta, alikuwapo Shangazi Nambike, dada yake marehemu baba wa mfalme, mwenye miaka themanini na mbili. Alisonya kwa sauti ya kutosha kusikika hadi nje ya pazia.

"Tulikuwa watatu," akasema. Hakuwa anamsemesha mtu. "Kila ukoo ulitoa mmoja. Tunaweka viganja tumboni, mtoto anatoka mbele ya macho yetu, tunaapa kwamba ndiye na si mwingine. Kisha tunafunga midomo. Nimeshuhudia wafalme wawili wakizaliwa, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza mama zao walilia vipi."

"Mila haikufutwa, Shangazi," Kighenda akajibu kwa upole wa kujifunza. "Imepanuliwa. Zamani mashahidi watatu, leo ufalme mzima. Kuna ubaya gani?"

Sheria ilikuwa imeandikwa na ilijulikana: mtoto asiyeshuhudiwa kwenye Mtima, mpaka anatoka mzima mzima tumboni, hahesabiwi katika ukoo wa kiti.

*

Saa nne asubuhi Bi Nakiete alianza kuingiwa na wasiwasi. Saa mbili uchungu ulikuwa unakuja kila baada ya dakika tatu, na njia ilikuwa imefunguka sentimita saba. Kwa mimba nzuri kama hii, mtoto alipaswa kuwa amekaribia. Badala yake uchungu ulikuwa unachelewa. Dakika sita, kisha kumi. Alipima tena. Sentimita saba zilezile.

Akachukua bomba lake la mbao la kusikilizia, akaliweka tumboni, akainamisha sikio. Mashine zilikuwapo, tena nyingi, lakini mashine zote za chumba kile zilikuwa zinaongea na Mtima kwanza kabla ya kuongea naye. Alihesabu mapigo ya mtoto kwa saa yake ya mkononi. Mia na kumi. Yalikuwa yameshuka.

Alisimama kunyoosha mgongo, na ndipo jicho lake likafuata mpira wa dripu ukitoka mkononi mwa malkia. Asubuhi alikuwa ametundika maji ya chumvi, chupa moja. Sasa kulikuwa na mpira wa pili ulioungana na ule wa kwanza, ukipita nyuma ya pazia la dirisha. Akalifunua. Mfuko mdogo ulikuwa umetundikwa pale kwenye msumari, umebaki robo.

Akasoma jina la dawa. Akalisoma tena. Ilikuwa dawa ya kutuliza mji wa mimba, ile wanayopewa wanawake ambao uchungu umewaanza mimba ikiwa ya miezi sita.

"Nani kaweka hii?"

Teri, nyuma ya kioo, aliinamisha kichwa.

"Nimeuliza nani!"

"Ni maelekezo ya Baraza," Kighenda akasema nje ya pazia. "Daktari wa kike wa Baraza aliiweka ulipokwenda kunawa. Kipimo kidogo sana, Bi Nakiete. Ni kumsogeza tu hadi saa saba kamili. Saa saba watu wa maofisini wako kwenye mapumziko, na ndugu zetu wa ng'ambo wameamka. Tungeacha mtoto azaliwe saa tatu asubuhi, nusu ya ufalme ingekosa."

Bi Nakiete alibana mpira, akachomoa sindano, akaubwaga ule mfuko chini, ukapasuka, dawa ikatapakaa sakafuni.

"Mmemfungia mtoto mlango," akasema. "Anagonga, na nyinyi mmeegemea mlango mkisubiri wageni wafike."

Ilichukua karibu saa nzima dawa kupungua mwilini. Uchungu ulirudi kwa hasira, mmoja ukimkanyaga mwenzake, na njia ikafunguka yote. Sasa ilibaki kusukuma, na malkia hakusukuma. Kila alipoanza, umati ulinguruma, naye akafunga miguu, akakaza mwili mzima kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Sukuma, mwanangu."

"Siwezi."

"Unaweza. Mwili wako unajua."

"Siwezi wakiwa ndani!" Malkia akamshika Bi Nakiete ukosi wa aproni, akamvuta hadi nyuso zao zikakaribiana. "Mama, wako ndani yangu. Kila mahali. Nilipokwenda haja asubuhi walikuwapo. Watoe. Nataka nilie peke yangu."

Bi Nakiete akaweka tena bomba tumboni. Tisini na mbili. Akasubiri uchungu upite, akahesabu upya. Themanini na sita.

*

"Kata," alimwambia Teri.

Teri alitoka nyuma ya kioo. "Mama, siwezi kukata."

"Kighenda atakufukuza kazi? Atanifukuza mimi kwanza."

"Si Kighenda." Teri akashusha sauti. "Mwili ukishaungana na mwili mwingine kwa saa nyingi, ukiukata ghafla unaporomoka. Tulijaribu na watu mia mbili. Kumi na mmoja walizimia. Mmoja hakuamka tena, alikuwa mama mtu mzima kama wewe. Hawa ni milioni tisa. Piga hesabu mwenyewe."

"Basi washushe polepole."

"Kwa wingi huu inataka dakika arobaini."

Mtoto hakuwa na dakika arobaini. Bi Nakiete alisimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakujua aelekee wapi. Huku kulikuwa na mtoto anayechoka. Kule kulikuwa na watu ambao aliwachukia asubuhi nzima, na bado walikuwa watu. Miongoni mwao walikuwamo akina mama wauza mboga waliojiunga kwa mapenzi tu, na wazee wasio na mtu wa kukaa nao nyumbani. Hakuapa kuwaua hao.

"Mtu akitaka kujitoa mwenyewe, inakuwaje?" akauliza.

"Anabana kifundo kwa kidole gumba, anahesabu hadi mbili, mwili unajiachia. Haimdhuru."

"Na sasa wanapata kiasi gani cha anachokipata yeye?"

"Asilimia kumi. Tulipima. Kumi inasisimua, haiumizi." Teri aliyatamka maneno hayo kisha akauma mdomo, kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia.

"Waongezee."

"Mama?"

"Pandisha kidogo kidogo, mtu apate nafasi ya kubana mkono wake. Walisema wanataka kushuhudia. Nani kakuzuia kuwapa yote?"

"Hiyo ni kuwatesa watu."

"Najua ni nini." Sauti ya Bi Nakiete ilikwaruza. Maisha yake yote alikuwa amepunguza maumivu. Hakuwahi kumwongezea mtu. "Kama una njia nyingine, niambie sasa hivi."

Teri alirudi nyuma ya kioo.

Shangazi Nambike aliinuka kwenye kiti chake. "Nakiete. Fikiri. Wakiondoka wote, mtoto huyu hana shahidi. Kiti kinakwenda kwa mdogo wake mfalme, na wanawe. Mtoto hajafungua hata macho, wewe unamwamulia."

"Nimeshafikiri, Shangazi."

"Na akikua akakuuliza?"

"Nitamjibu. Ila kwanza awe hai wa kuniuliza."

Teri akapandisha. Ishirini. Nje, kicheko kilikatika katikati. Thelathini. Mwanamume mmoja akapiga ukelele mwembamba, na mwingine akapiga kelele za kumwita mama yake. Tarakimu juu ya kioo, zilizokuwa zikipanda tangu alfajiri, zikatikisika, zikaanza kuporomoka: milioni saba, milioni nne, milioni moja na nusu.

"Mnafanya nini humo?" Kighenda alikuwa anapiga ukuta. "Teri! Shusha! Nasema shusha!"

Mkono wake ulishika pazia. Shangazi Nambike akalivuta mwenyewe kutoka ndani, likafunguka nusu, akasimama pale mbele yake na fimbo yake.

"Ingia," akamwambia. "Vuka, mwanangu, tuone kama utatoka na cheo chako."

Kighenda alirudi nyuma hatua mbili. Mstari wa uzi wake mwenyewe ulikuwa umezimika. Alishajitoa.

Hamsini. Sabini. Maoni yalikuwa yamegeuka matusi: mnatuua, wauaji, nani kawaruhusu, tutawashtaki, malkia gani huyu. Kisha hata matusi yakakoma, maana mtu aliyejitoa hana tena la kusema kuhusu mwili wa mwenzake. Kufikia mia moja, nje kulikuwa kimya. Malkia Nasemba akalia, kilio kirefu cha kutoka tumboni, kikaenda mpaka kikaisha chenyewe, na hakuna kilichomrudia. Alinyamaza kama anayesikiliza. Kisha, bila kuambiwa, akatanua magoti na kusukuma.

"Hivyo hivyo," Bi Nakiete akasema. "Hivyo hivyo, mama. Nakiona kichwa."

"Wamebaki kumi na saba," Teri akaita. "Hawatoki."

Shangazi akageuka haraka kuliko umri wake. "Kumi na saba? Wanatosha! Watatu tu wangetosha! Mtoto ana kiti chake!"

Kwa kitambo kidogo Bi Nakiete aliona kama mzigo umemtoka. Wapo, basi. Katika milioni tisa wapo kumi na saba waliokubali kuumia naye hadi mwisho. Aliinua macho kwenye kioo kuyatafuta maneno yao.

"Ongeza."

"Zaidi. Bado."

"Hii ndiyo yenyewe. Msishushe."

"Ongeza ongeza ongeza."

Aliwatazama hao kumi na saba, bila sura wala majina, wakimlamba msichana huyu maumivu yake hadi tone la mwisho, na alijua kwamba kisheria hao ndio mashahidi. Hao ndio wangempa mtoto ufalme.

"Hao wachache unaweza kuwatoa?"

"Mmoja mmoja. Dakika moja inatosha."

Safari hii Bi Nakiete hakuamua. Aliinama sikioni mwa malkia. "Mwanangu, wamebaki kumi na saba. Wakibaki, mtoto wako anarithi. Wakitoka, harithi. Niambie."

Malkia alihema. "Wanasemaje?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema wanamwombea.

"Wanasema waongezewe."

Nasemba alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni.

"Watoe," akasema. "Watoe wote, mwanangu asikute mtu."

Teri akawatoa. Kumi, sita, wawili. Tarakimu zikasoma sifuri, na mstari wa kijani kwenye mkono wa malkia ukazimika. Uchungu uliofuata ulipokuja, mtoto alitoka, kitovu kimemzunguka shingoni mara moja, rangi yake ya kibuluu. Bi Nakiete alikitelezesha kitovu juu ya kichwa, akamsugua mgongo kwa khanga, akamsugua tena, akampulizia. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya, akalia.

Kwenye sahani ya chuma, karibu na mkasi, ulikuwapo uzi wa pili, mdogo zaidi, tayari kwa mkono wake. Sheria ilitaka upandikizwe kabla ya kitovu kukatwa, ili ufalme uhisi pumzi ya kwanza. Bi Nakiete alichukua mkasi, akakata kitovu. Kisha akaushika ule uzi kwa koleo na kuutupa kwenye ndoo, juu ya pamba zenye damu.

Shangazi Nambike alikuwa amesogea. Aliweka kiganja chake chenye mikunjo juu ya tumbo la malkia lililolegea, akakiacha hapo.

"Mimi nimeona," akasema. "Mmoja tu. Lakini nimeona."

*

Mfalme Mbonea alikuja baada ya nusu saa, amekwishaachana na joho la sherehe. Siku ya kwanza mila ilimruhusu kusimama mlangoni tu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa nawe," akamwambia mkewe. "Nilijaribu, Nasemba. Nilishindwa kwenye ishirini."

Malkia alimtazama kitambo, kisha akamgeukia mtoto, akamrekebishia titi mdomoni. Hakuonyesha hasira. Mfalme alikaa pale mlangoni na mikono yake mitupu, na Bi Nakiete akamwonea huruma, kidogo.

Baraza lilikaa saa nane, likamaliza kabla ya saa tisa. Mtoto aliondolewa katika orodha ya warithi. Mkunga mkuu alivuliwa kazi na kuamriwa atoke ikulu kabla ya jua kuzama. Teri alisimamishwa. Kighenda aliyasoma hayo mbele ya pazia, na alipofika kwenye kiti cha mtoto, Bi Nakiete alimtazama mtoto. Alikuwa amemnyang'anya mtu kitu ambacho hakuwa na mdomo wa kukidai wala kukikataa. Hilo lingebaki naye. Aliosha vyombo vyake, akampima malkia mara ya mwisho, akamwonyesha mama wa jikoni namna ya kupika mtori wa ndizi usiwe mzito, akaondoka.

Alisahau kuvua aproni. Alikumbuka akiwa ameshatoka getini.

Umati ulikuwa bado upo. Wengine walikuwa wamekaa chini na vitambaa vya maji kichwani. Wengine walisimama na hasira ya watu waliofukuzwa karamuni.

"Huyo hapo! Ndiye aliyetuchoma!"

"Mkunga, ni dume au jike?"

"Mtoto yupo kweli, au mmetuzuga?"

"Ana jina gani?"

Mtu mmoja akamtemea mate, yakamfikia kiatuni. Aliendelea kutembea. Ndipo mwanamke mmoja wa makamo, kavaa vizuri, akamshika mkono kwa nguvu na kuuinua hadi puani kwake, akavuta pumzi ndefu, macho yamefumba.

"Bado ananukia," akasema. "Mtoto. Bado ananukia mkononi."

Bi Nakiete akaunyofoa mkono. Lakini wengine walikuwa wamesikia, na wakaiona aproni: damu iliyoanza kukauka, ute, madoa ya maji ya uzazi. Mkono ukaidaka kamba ya shingoni. Mkono mwingine ukaidaka kiunoni. Alivutwa huku na huku, hakuwazuia, akafungua fundo mwenyewe, akawaachia. Aliposonga hatua ishirini akageuka. Walikuwa wameizunguka, wanaivuta, kitambaa kinachanika kwa mlio mrefu, na aliyepata kipande alikikumbatia kifuani na kutafuta njia ya kutoka.

Alitapika kwenye mtaro wa barabara. Alijifuta mdomo kwa mtandio, akaendelea.

Nyumbani alimkuta mdogo wake, Nanzia, akimsubiri barazani. Nanzia alikuwa mjane mpole, mwenye nyumba safi na sauti ya chini, mtu aliyemletea uji kila alipougua. Alimpokea mkoba, akamvutia kiti, akamletea maji ya kunawa.

"Pole, dada. Nimesikia. Mungu atalipa."

"Ahsante."

"Mimi sikulaumu. Nilitoka kwenye arobaini tu, ikanishinda." Alicheka kidogo kwa aibu. Kisha akasogeza kiti, akatazama nyuma yake kama kuna mtu, na akauliza kwa sauti ya siri, "Niambie mimi tu. Ni mvulana au msichana? Anafanana na nani?"

Kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa kifundo cha mkono wake wa kushoto, pale penye uzi, taratibu, bila yeye mwenyewe kujua.

Bi Nakiete alikaza macho kwenye kile kidole. Alimpenda mdogo wake. Alisimama, akachukua mkoba wake, akafungua mlango wa chumba chake.

"Ni mtoto, Nanzia," akasema. "Amelala."

Akafunga mlango.